Kikundi chetu cha marafiki kinasoma vitabu vya Walatino tu. Huku ni kujifungia?

Mama_wa_Houston:
Wakuu, salaam. Niko Houston, Texas, na kwa muda sasa nimo kwenye kikundi cha kusoma vitabu cha marafiki zangu wa kazini. Wenzangu wote ni Walatino. Wengi wazazi wao walitoka Meksiko, mmoja ni wa El Salvador, mmoja Puerto Rico, na kuna mama mmoja ukoo wake umekaa Texas tangu Texas ikiwa sehemu ya Meksiko. Mswahili ni mimi peke yangu. Sheria yao ni moja tu: kitabu lazima kiwe cha mwandishi Mlatino wa huku Marekani.

Juzi nilimwalika dada mmoja Mtanzania. Alikaa, akala, akasikiliza. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Hawa wanajifungia. Mtu mzima kusoma vitabu vya watu wako tu, utajifunza nini?" Tulibishana mpaka nikapitiliza kona ya kwenda kwake.

Ngoja niwaeleze siku yenyewe ilivyokuwa. Tulikuwa tunasoma The House on Mango Street cha Sandra Cisneros, kilichotoka 1984. Ni visura vifupi vifupi 44 kuhusu binti wa Chicago anayeitwa Esperanza. Kwenye kimoja anatamani kula shuleni kama watoto wengine, anambembeleza mama yake mpaka anakubali. Nyama ya kuweka kwenye mkate hakuna, kwa hiyo mama anamfungia mkate wa wali. Akifika, mtawa mkuu anamwambia wewe unakaa karibu, nenda kale kwenu. Anamsimamisha juu ya boksi la vitabu dirishani, anamwonyesha majumba mabovu kuliko yote: kwenu ni pale? Kwao si pale. Mtoto anaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, na analia.

Rafiki yetu alikuwa anasoma kwa sauti. Alipofika hapo akampa mwenzake kitabu amalizie. Baada ya hapo kitabu kiliwekwa pembeni, kila mtu akaanza kusema ya kwake ya shule. Mmoja alikuwa anakula maharage yake chooni ili wenzake wasione. Huyu ni mama wa watoto wakubwa, na hakuwahi kumsimulia mtu.

Mimi nasema hawajifungii. Ninyi mnaonaje?

Mzee_wa_Ilala:
Dada, huyo mgeni wako ana hoja. Wazungu wakianzisha kikundi na kusema tunasoma waandishi Wazungu tu, uzi huu ungekuwa na kurasa mia kwa hasira. Fasihi ni ya watu wote. Halafu Walatino si wanyonge kwenye vitabu. Gabriel García Márquez alipata Nobel 1982. Vargas Llosa naye aliipata. Mtu mwenye hazina kama hiyo anaogopa nini kuchanganyika?

Kitabu_Mkononi:
Mzee wangu shikamoo. Hapo umechanganya vitu viwili. García Márquez ni Mkolombia, Vargas Llosa ni wa Peru. Hao ni waandishi wa Amerika ya Kilatini, wameandika Kihispania, wanasomwa kwao kama sisi tunavyosoma Shaaban Robert. Wanaosomwa na akina Mama_wa_Houston ni wengine: waliozaliwa au kukulia ndani ya Marekani, wengi wao wanaandika Kiingereza.

Na wengine hawakuhamia popote. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliipa Marekani California, New Mexico na maeneo mengine makubwa, watu wakiwa humo humo ndani. Walilala Wameksiko wakaamka chini ya bendera nyingine. Puerto Rico ilichukuliwa 1898, na watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917. Kwa hiyo ile picha ya mgeni aliyekuja na begi lake inawafaa baadhi tu.

Na kuhusu Wazungu kusoma Wazungu tu, mzee, huo ulikuwa mtaala wa shule nyingi za huku kwa muda mrefu. Haukuhitaji kikundi.

Mzee_wa_Ilala:
Marahaba. Nimekupata kwenye Márquez. Hilo la mwisho bado nalitafakari.

Shemeji_wa_Nakuru:
Kitabu_Mkononi umemchapa mzee kwa adabu kabisa 😂

Lakini mada iko wazi jamani. Hawa watu vitabu vyao vilipigwa marufuku Arizona. Mango Street yenyewe ilipigwa marufuku! Ukinyimwa kitu unakitafuta kwa nguvu. Jibu ndilo hilo, uzi ufungwe.

Mwalimu_Mstaafu:
Uzi usifungwe, na hapo turekebishe kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na linataka kusemwa sawasawa.

Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyolenga masomo ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika shule za Tucson. Januari 2012 masomo hayo yakafutwa. Vitabu saba vilivyokuwa vikitumika viliondolewa madarasani, vikatiwa kwenye maboksi na kupelekwa stoo. Hivyo saba ni vya historia na elimu. Mango Street haikuwa kati ya vile saba. Kilichotokea kwa riwaya ni kwamba darasa lililokuwa linazisoma lilivunjwa, zikakosa pa kusomewa. Ukimwambia mzazi "imepigwa marufuku" atakwenda maktaba ataikuta, ataona umemdanganya.

Machi 2012 watu wa Houston, wakiongozwa na mwandishi Tony Diaz, walipakia vitabu kwenye basi wakavipeleka Tucson. Wakajiita Librotraficante, yaani wauza vitabu kwa magendo. Agosti 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba kufutwa kwa masomo yale kulisukumwa na chuki ya rangi.

Sasa sikilizeni hili, maana linatugusa. Kimoja kati ya vile saba ni kile cha Paulo Freire, Mbrazili, kuhusu elimu ya wanaokandamizwa. Freire huyo alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 70 akazungumza na watu wa elimu ya watu wazima, wakati Mwalimu Nyerere ameshautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Sisi wa chuo cha ualimu tulilisikia jina lake tukiwa vijana. Kitabu kilichotufaa sisi kufundishia watu wazima kusoma kilitiwa kwenye boksi na kutolewa darasani Arizona. Liliniuma nilipolisoma na linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo maelezo yangu ni haya: wanasoma ukubwani walichonyimwa utotoni. Kikundi chao ni darasa ambalo halikuwepo.

Shemeji_wa_Nakuru:
Asante Mwalimu. Nimesahihishwa na nimefaidi.

Mtu_wa_Bukavu:
Bandugu, salamu kutoka Kongo. Mwalimu amesema vizuri lakini mimi naona jambo la lugha limeachwa. Mama_wa_Houston, hao marafiki zako kati yao wanaongea Kihispania au Kiingereza?

Mama_wa_Houston:
Mtu_wa_Bukavu, umegusa penyewe. Wanachanganya, ila yule mama ambaye ukoo wake ni wa Texas tangu zamani Kihispania chake ni cha kusikia tu. Kujibu hawezi. Mama yake alichapwa shuleni kwa kukiongea, akaapa wanawe hawatapitia hilo, akawalea kwa Kiingereza. Huyu mama akisikia wenzake wanataniana kwa Kihispania anacheka wakati wenzake wanacheka, na kila mtu anajua kwamba mara nyingine hajaelewa.

Mtu_wa_Bukavu:
Basi ndiyo hiyo. Gloria Anzaldúa, mwandishi aliyezaliwa Texas kusini 1942, ameandika katika kitabu chake Borderlands kwamba alikamatwa akiongea Kihispania wakati wa mapumziko na akapigwa vidole kwa rula. Oscar Hijuelos naye, yule mwandishi wa Puerto Rico aliyepata tuzo ya Pulitzer, akiwa mtoto mdogo alilazwa muda mrefu hospitali akatoka anaongea Kiingereza, Kihispania kimekimbia. Akaishi nyumba moja na mama ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Fikiria nyumba hiyo.

Mtu wa namna hii anajiunga na kikundi kutafuta mahali pa kuwa Mlatino bila kupewa mtihani wa lugha. Kitabu kiko kwa Kiingereza, kina maneno ya bibi yake humo ndani, na hakuna wa kumcheka.

Kitabu_Mkononi:
Hoja nzuri, ila Hijuelos ni wa asili ya Cuba. Alizaliwa New York 1951, wazazi Wakuba. Pulitzer aliipata 1990 kwa riwaya ya ndugu wawili wanamuziki wanaopiga mambo, ule muziki wa Kikuba, na ndiye Mlatino wa kwanza kuipata kwa riwaya. Na ugonjwa ule aliupata baada ya safari ya Cuba akiwa na miaka kama minne.

Binti_Ngamiani:
Mimi hili la kuchapwa kwa sababu ya lugha limenisimamisha. Kwetu Tanga tulivalishwa kibao shingoni ukikutwa unaongea Kiswahili shule ya Kiingereza. Unakivaa mpaka umkamate mwenzako naye ameongea, ndipo umhamishie. Ilitufanya tupelelezane. Sikujua watu wa Texas wana habari inayofanana na hii.

Kaka_wa_Kisauni:
Sisi Mombasa kiliitwa disk. Niliwahi kukaa nacho wikendi nzima, mamangu akakitupa jaani. Jumatatu nilichapwa mara mbili, moja ya kuongea, moja ya kupoteza mali ya shule.

Binti_Ngamiani:
Mama yako alifanya la maana kabisa. Mpe salamu zangu.

Mswahili_wa_Tampa:
Habari wakuu. Nimesoma kuanzia juu, naona mnatafuta sababu shuleni na kwenye uchungu. Mimi naishi Tampa, Florida, nawaletea sababu nyingine kabisa, na hii ya kwangu ina furaha ndani yake.

Huku kuna mtaa unaitwa Ybor City. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa wa viwanda vya sigara, zile nene zinazosokotwa kwa mkono. Wafanyakazi walikuwa Wakuba, Wahispania na Waitaliano. Kazi ya kusokota ni ya kimya na inachosha akili. Basi ukumbini panajengwa jukwaa, anapanda msomaji. Asubuhi anasoma magazeti, baadaye anasoma riwaya, sura kwa sura, kwa sauti ya kufika ukumbi mzima bila kipaza sauti. Mamia ya watu mikono inasokota, masikio yako jukwaani.

Angalieni mpango wake: msomaji alilipwa na wafanyakazi wenyewe kutoka mishahara yao. Tajiri hakuchangia. Na riwaya ya kufuata waliichagua kwa kura. Desturi hii ilianzia Havana 1865 ikavuka bahari na wafanyakazi. Watu wasiojua kusoma walimjua Cervantes, walimjua Victor Hugo, wanabishana juu ya wahusika wakitoka kazini. Ile chapa ya sigara ya Montecristo imepewa jina kutokana na riwaya ya Dumas iliyopendwa na wasokotaji. Luisa Capetillo wa Puerto Rico, mpigania haki za wafanyakazi, naye alikuwa msomaji wa kiwandani.

Matajiri wakaona wasomaji wanaleta siasa. Mwaka 1931 hapa Tampa wakawaondoa, wafanyakazi wakagoma, wakashindwa. Redio ikawekwa.

Kwa hiyo mimi nikiona marafiki Walatino wamekaa, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza, nauona urithi huo. Na Mama_wa_Houston ametuambia hapo juu: rafiki yao alikuwa anasoma kwa sauti.

Mzee_wa_Ilala:
Hii ya kiwanda cha sigara imenipendeza kupita kiasi. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka hiyo, kelele za mashine zilikuwa huwezi kusikia hata jina lako. Wasokotaji walibahatika na ukimya wao.

Nyuki_Mweusi:
Mswahili_wa_Tampa, historia nzuri, nimeisoma mara mbili. Lakini wasokotaji walisoma Hugo na Dumas, Wafaransa! Walikuwa wanachagua chochote kilicho kitamu. Kikundi cha Houston kina sheria ya Walatino tu. Mfano wako unamsaidia yule dada mgeni, haumsaidii mwenye uzi.

Mswahili_wa_Tampa:
Hapo umenibana. Ninachojibu ni kwamba wakati ule vitabu vyao wenyewe kuhusu maisha ya Florida vilikuwa havijaandikwa. Vingekuwepo wangevipigia kura.

Nyuki_Mweusi:
Hilo ni dhana tu mkuu.

Dada_Mgeni:
Wakuu, mimi ndiye dada anayesemwa kwenye uzi huu. Nimejiandikisha leo kwa ajili hii.

Rafiki yangu amewaeleza nilichosema kwenye gari, hakuwaeleza kilichotangulia. Jioni ile walipofika kwenye kuchagua kitabu kijacho, mimi nilipendekeza Abdulrazak Gurnah. Nikawaeleza: ni mtu wa Zanzibar, alikimbilia Uingereza kijana mdogo baada ya mapinduzi, anaandika Kiingereza chenye Kiswahili ndani, amepata Nobel 2021, habari zake ni za watu waliohama na wasiojua kwao ni wapi. Nilidhani wataona ni ndugu yao. Wakatabasamu, wakasema kwa upole, kitabu kizuri, lakini hapa tunasoma Walatino. Yaani nimesikiliza uchungu wao kwa muda wote ule, nimelia na ule mkate wa wali, kisha wa kwetu hauna nafasi hata ya kujadiliwa?

Ndiyo maana nikasema wanajifungia. Na bado nasema.

Shemeji_wa_Nakuru:
Ooh! Mambo yamenoga. Mama_wa_Houston, hapa ulituficha 👀

Mama_wa_Houston:
Sikuficha, niliona ni lake la kusema yeye. Karibu dada, nimefurahi umekuja.

Ninachoweza kueleza ni hiki. Wale wenzangu nje ya pale wanasoma kila kitu. Yule wa El Salvador Gurnah anamjua, amemsoma. Ila mara moja kwa mwezi wanataka mahali ambapo hawahitaji kueleza. Ukileta kitabu cha Zanzibar itabidi mimi nieleze, wao wawe wanafunzi, na siku inakuwa nyingine.

Dada_Mgeni:
Na mimi nilikaa mwanafunzi wao jioni nzima. Sikulalamika.

Ali_wa_Muskat:
Assalaam alaykum. Naingia taratibu. Sisi huku Oman tuna watu wengi wenye asili ya Zanzibar na bara, nyumbani ni Kiswahili, nje ni Kiarabu. Tulipopata ile tafsiri ya Gurnah kwa Kiswahili, Peponi, aliyoifanya Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota 2022, tulikaa jamaa kadhaa baada ya isha tukaisoma. Akaja rafiki yetu Mwomani asiyejua Kiswahili, mtu mwema sana. Tukahamia Kiarabu kwa ajili ya heshima yake. Mazungumzo yakawa mazuri, lakini wazee wawili walinyamaza mpaka mwisho, na wao ndio waliokuwa na ya kusema.

Kwa hiyo nawaelewa wa Houston. Na bi dada nae namuelewa, kwa sababu yule rafiki yetu alihisi, hakurudi tena, na sisi twaona haya mpaka leo.

Mwalimu_Mstaafu:
Ali, umesema jambo ambalo mimi sikulisema. Ahsante.

Kitabu_Mkononi:
Jamani tusisahau wachapishaji, maana ndio wanaoshika ufunguo wa duka. Rudolfo Anaya aliandika riwaya yake ya Bless Me, Ultima, akazungushwa na wachapishaji wakubwa mpaka kampuni ndogo ya Berkeley, Quinto Sol, ilipoitoa 1972. Kabla yake walikuwa wamemtoa Tomás Rivera, 1971. Nicolás Kanellos akaanzisha Arte Público Press 1979, ambayo makao yake ni hapo hapo Houston kwa Mama, Chuo Kikuu cha Houston. Mango Street ya kwanza ilitoka kwao, kampuni kubwa ya New York ikaja kuichukua baadaye. María Amparo Ruiz de Burton mwaka 1885 alitoa riwaya kuhusu mashamba ya Wameksiko yaliyoporwa California, ikasahaulika kabisa, Arte Público wakaifufua 1992. Hesabu wenyewe, ni zaidi ya karne.

Januari 2020 ikatokea ile ya American Dirt. Riwaya kuhusu mama Mmeksiko anayekimbia na mwanawe, imeandikwa na Jeanine Cummins, ambaye si Mmeksiko ingawa ana bibi wa Puerto Rico. Ikapigiwa debe kote, Oprah akaichagua kwa kikundi chake cha vitabu. Waandishi Walatino wakauliza: kwa nini pesa na matangazo haya hatujawahi kuyaona sisi? Ziara ya kuitangaza ikakatizwa. Kikundi cha marafiki kinachonunua kitabu cha Mlatino kila mwezi kinajibu swali hilo kwa mfuko wake. Ni ununuzi, wakuu. Msiufanye wote kuwa moyo.

Nyuki_Mweusi:
Kitabu_Mkononi, na weusi wao je? Hapo ndipo panaponichoma mimi. Piri Thomas aliandika 1967 habari za kijana wa Harlem mwenye damu ya Puerto Rico na Cuba, mweusi kuliko ndugu zake, kila mahali anaambiwa achague. Arturo Schomburg alizaliwa Puerto Rico 1874, mweusi, akakusanya vitabu na maandishi ya watu weusi dunia nzima mpaka Maktaba ya Umma ya New York ikaupata mkusanyo wake 1926. Yule mtu angekuja kwenye kikundi cha Houston na boksi lake, wangeliangalia kwa sheria gani? Elizabeth Acevedo, binti wa wazazi kutoka Jamhuri ya Dominika, anasema waziwazi kuwa ni mweusi na ni Mlatino. Riwaya yake ya kishairi, The Poet X, ilipata tuzo ya taifa ya vitabu vya vijana 2018.

Mama, mmeshasoma mmoja wao?

Mama_wa_Houston:
Acevedo tumesoma. Ilikuwa siku nzuri kuliko nyingi, kwa sababu ni mashairi tangu mwanzo mpaka mwisho na mimi nilikuwa na la kusema: kwetu hadithi nzima kwa tenzi ni jambo la kawaida. Walinitaka nighani kidogo, nikaghani. Piri Thomas bado. Nitampeleka.

Dada_Mgeni:
Kumbe siku hiyo ulipewa nafasi ya kueleza ya kwetu, na siku haikuharibika.

Mama_wa_Houston:
Dada, hapo umenikamata.

Shemeji_wa_Nakuru:
😂😂 Weka alama ubaoni.

Binti_Ngamiani:
Samahani natoka nje ya mada. Hiyo ya Anaya, Ultima, niliisoma chuo. Jamani, yule bibi ni mganga wa kienyeji kabisa! Anaishi na familia ya kijana Antonio huko New Mexico, anachuma mizizi, anaomba ruhusa kwa mmea kabla ya kuuchimba, anaagua watu waliolishwa uchawi. Halafu watu wanakuja na mienge usiku kumwita mchawi. Wanatundika sindano mlangoni kwa umbo la msalaba, mchawi hawezi kupita chini yake. Nyanya yangu wa Pangani angekaa na kitabu hicho mpaka mafuta ya taa yaishe.

Kaka_wa_Kisauni:
Na je, anapita?

Binti_Ngamiani:
Anapita. Ila baadaye sindano zinakutwa zimeanguka chini, haijulikani zilianguka lini. Darasa letu lilibishana mpaka mhadhiri akaondoka.

Kaka_wa_Kisauni:
Basi ni mchawi.

Binti_Ngamiani:
Si mchawi! Na bundi wake...

Mzee_wa_Ilala:
Binti tafadhali usimalize, nakitafuta kitabu hicho. Bundi niachie mwenyewe.

Mpita_Njia_Kigali:
Mimi nimesoma uzi wote na naona mnakuza mambo. Hao ni marafiki wa kazini wanaokutana kula. Mimi nimekuwa kwenye vikundi vitatu vya vitabu, vyote vilikufa, na vilikufa kwa sababu moja: kubishana kitabu gani kifuate. Kikundi chenye sheria ya "Walatino tu" kimeshapunguza ubishi kwa sehemu kubwa. Wangesema "riwaya za wapelelezi tu" wangedumu vilevile.

Mtu_wa_Bukavu:
Riwaya ya mpelelezi haimtoi mtu siri ya kula maharage chooni, ndugu yangu.

Mpita_Njia_Kigali:
Urafiki ndio uliomtoa. Kitabu kilikuwa karibu tu.

Mwalimu_Mstaafu:
Mpita_Njia, urafiki walikuwa nao miaka kabla ya jioni ile na siri ilibaki ndani. Ila hoja yako ya sheria kupunguza ubishi ina uzito, nimeona vikundi vingi vya walimu vikifa hivyohivyo.

Mzee_wa_Ilala:
Mimi nimelainika kidogo, sijageuka. Mama, kitabu chenu kijacho ni kipi? Nataka tusome sambamba, mimi huku ninyi huko, niwaone kama mmejifungia.

Mama_wa_Houston:
Karibu sana mzee. Kulikuwa na wawili. Yule wa El Salvador alitaka Solito ya Javier Zamora, kwa sababu Zamora aliondoka kwao 1999 akiwa na miaka tisa, bila mzazi, pamoja na watu asiowajua, safari ya kuambiwa ni wiki mbili ikawa miezi miwili. Lakini akasema mwenyewe bado hajajiandaa kuisoma mbele ya watu. Kwa hiyo ni Tomás Rivera, kile chake cha 1971, ...y no se lo tragó la tierra. Alizaliwa Crystal City hapa Texas, mtoto wa vibarua wanaofuata mavuno jimbo hadi jimbo, akafika mpaka kuongoza chuo kikuu kizima California. Kitabu ni chembamba. Kuna sura lori la vibarua linaharibika alfajiri, watu wamesimama humo usiku kucha, na msomaji anasikia kila mmoja anawaza nini atafanya wakifika. Mmoja anawaza kitanda, mwingine deni, mwingine anamlaani dereva.

Mzee_wa_Ilala:
Nimewahi kusimama kwenye lori la namna hiyo kutoka Lindi, enzi barabara haipitiki masika. Nitakitafuta. Kiko kwa Kiingereza?

Kitabu_Mkononi:
Toleo la kwanza lilitoka kwa Kihispania na tafsiri ya Kiingereza humo humo. Siku hizi yako mengine pia. Tafuta lenye lugha zote mbili mzee.

Dada_Mgeni:
Mama_wa_Houston, hicho cha lori nitakuja. Ila Gurnah nitampendekeza tena, na safari hii nitakuja na nakala mkononi.

Mama_wa_Houston:
Njoo naye. Watakataa, nakuambia mapema. Mimi nitapiga kura ya ndiyo.

Nyuki_Mweusi:
Na Piri Thomas je?

Kaka_wa_Kisauni:
Na bundi je? Binti, nijibu inbox.